Nani Amepima? Maswali Yenu ya Sayansi

Ni kweli wanasayansi wamegundua viumbe hai kwenye K2-18b, sayari inayozunguka nyota nyingine mbali na Jua letu? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Hapana, na hili swali linanirudia tangu Aprili 2025. Watafiti wa Cambridge walitangaza dalili za gesi ya dimethili salfaidi, ambayo hapa duniani hutolewa zaidi na viumbe vidogo vya baharini. Dalili zenyewe hazikufikia kiwango ambacho wanafizikia hutaka kabla ya kusema "tumegundua", na wengine walipochambua upya vipimo vilevile hawakuridhika. Tena gesi hiyo imekutwa hata kwenye nyotamkia, pasipo na kiumbe chochote. Nawasihi: kabla hujaisambaza habari kwenye grupu ya chama, uliza nani amepima, amepima nini, na nani mwingine amerudia kipimo.

Watajuaje hewa ya sayari iliyo mbali hivyo? (Mwanafunzi, Kakamega)

Hili ndilo swali la kuuliza! Tazama taa kupitia glasi ya maji, kisha kupitia glasi ya strungi. Taa ni ileile, ila chai imemeza baadhi ya rangi. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo hupenya angahewa yake, na kila gesi humeza rangi zake yenyewe. Darubini ya James Webb ilitambua kaboni dayoksaidi ya sayari ya mbali iitwayo WASP-39b kwa njia hiyo mwaka 2022.

Mimi na mume wangu sote ni AS (tumebeba selimundu bila kuugua). Kifungua mimba wetu ana selimundu. Shangazi anasema zamu imekwisha, watatu wajao watakuwa wazima. (Msomaji, Siaya)

Dada yangu, shangazi anakutakia heri lakini amekosea, na kosa hili limeumiza nyumba nyingi huku kwetu ziwani. Nafasi ya 1 kati ya 4 haigawanywi kwa zamu. Kila mimba huanza upya: robo ya nafasi mtoto awe SS (mgonjwa wa selimundu), nusu awe AS kama ninyi, robo awe AA (asiyeibeba kabisa). Mimba iliyotangulia haiachii inayofuata deni wala akiba.

Na asikubebeshe mtu lawama peke yako. Mtoto wa SS amepokea S moja, yaani jeni ya selimundu, kwa mama na moja kwa baba. Nimechoka kusikia mke akirudishwa kwao kwa ajili ya damu ambayo mume naye anayo.

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda kama mundu huishi 10 hadi 20, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu. Ulizia kliniki kuhusu dawa ya haidroksiyurea. Utafiti uliochapishwa 2019, ambao kituo cha utafiti cha Kilifi kilishiriki, ulionyesha kuwa inapunguza maumivu, na hata malaria, kwa watoto wa Afrika. Watoto wengi wasiotambuliwa mapema hufa kabla ya miaka 5. Wanaopanga ndoa, kapimeni aina ya himoglobini (kipimo cha damu kinachoonyesha AA, AS au SS) kabla ya kupeleka ng'ombe. Mtoto akizaliwa, apimwe pia, asisubiri mpaka vidole vivimbe.

Si mwenye selimundu haugui malaria? (Butere)

Anayekingwa dhidi ya malaria kali ni AS. Mwenye SS, malaria inaweza kumuua. Mtoto alale ndani ya neti.

Mbona nzige wa 2020 walitembea kwa makundi, na panzi wa shambani kila mmoja kivyake? (Mkulima, Njoro)

Nzige wa jangwani naye huanza maisha akiwa mpweke. Mvua ikinyesha huzaliana, malisho yakikauka husongamana, na kule kugusanagusana miguu ya nyuma huongeza kemikali ya serotonini mwilini mwake. Ndani ya saa chache aliyekuwa akiwakimbia wenzake anawafuata. Hilo lilionyeshwa maabara mwaka 2009. Kwa hiyo kazi ni kuwahesabu wakiwa tunutu, hawajaota mbawa. Serikali inayongoja waruke ndipo itafute ndege za kupuliza dawa imeshachelewa.

Heroe wa Nakuru walienda wapi? (Msomaji, Lanet)

Ziwa lilijaa, magadi yakazimuliwa, mwani wanaokula ukapungua. Wengi wakahamia Bogoria.

Binti yangu anataka darubini, sina pesa. (Mzazi, Ahero)

Azima ile ya macho mawili ya kutazamia ndege wa porini. Aegemeze viwiko ukutani, ailenge sayari ya Mshtarii (Jupita) usiku usio na mawingu, na achore kila nukta anayoiona kando yake. Kesho yake achore tena. Nukta zitakuwa zimehama: hiyo ni miezi ya Mshtarii, naye atakuwa ameipima mwenyewe.