Bukari ya kilioni, keki ya sikukuu: maswali yenu baada ya kupunguzwa tumbo

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wengi wao nje ya nchi, kisha wakarudi Lubumbashi kuishi na tumbo dogo katikati ya masufuria makubwa ya bukari, yaani ugali wetu. Karibu zote zina neno moja: "nimeanguka." Mimi ni muuguzi, na mwaka 2019 nilifanyiwa upasuaji huo mimi mwenyewe. Nitajibu kwa yote mawili.

"Nilifanyiwa slivu miezi saba iliyopita. Kaka yangu akafariki, tukakaa kilioni siku tatu. Nilikula bukari kila ilipoletwa, na usiku chai ya sukari na mandazi. Leo mizani imeongeza kilo mbili na nusu. Nataka kukaa siku mbili bila kula ili nilipe. Je, nimeharibu tumbo na pesa za watoto?" (Mama wa Katuba)

Pole sana kwa msiba, mama. Hujaharibu kitu. Katika slivu daktari huondoa robo tatu ya tumbo au zaidi, na kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi. Kilichotolewa hakiwezi kurudi, na siku tatu za bukari haziwezi kuutanua mrija huo ukawa tumbo la zamani.

Hebu tupige hesabu ya hizo kilo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700. Ili uongeze mafuta ya kilo mbili na nusu, ungehitaji kula kalori zaidi ya 19,000 juu ya zile ambazo mwili ulizitumia. Kwa siku tatu, na tumbo hilo, haiwezekani. Sehemu kubwa ya unachokiona kwenye mizani ni maji, kwa sababu wanga na chumvi hushika maji mwilini. Ongeza na choo, maana kilioni mtu hukaa mkekani siku nzima na kunywa maji kidogo. Iweke mizani chini ya kitanda kwa wiki moja.

Kinachonitia hofu ni zile siku mbili unazotaka kulipa. Usilipe, mama. Nilishafanya hivyo. Mwezi wa nane baada ya upasuaji wangu nilikula keki ya harusi Jumamosi, vipande vitatu. Jumapili nikafunga, Jumatatu nikafunga. Jumatatu usiku nilijikuta nimesimama jikoni, taa imezimwa, mkono ndani ya mfuko wa mkate, nikimeza bila hata kutafuna. Sikuwa na njaa ya mkate. Nilikuwa na kiu, nimechoka, na nina aibu. Ukifunga baada ya upasuaji unakauka maji, misuli inapungua, na jioni ya pili unarudi kwenye mandazi yale yale.

Anza na mlo unaofuata, hata kama ni saa nne usiku. Maji kunywa kwa funda ndogo ndogo mpaka ufikishe kama lita moja na nusu kwa siku, lakini yasiende pamoja na chakula: acha nusu saa. Kwenye sahani anza na protini, kwani wengi wetu tunatakiwa kupata gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina karibu gramu 6. Gramu 100 za samaki wa tomson aliyepikwa zina kama 20. Maharage yaliyoiva vizuri yanasaidia, na maziwa ya kuganda yasiyotiwa sukari, na viwavi wa msimu ukiwatafuna mpaka walainike kabisa. Kisha mboga ya lenga-lenga. Bukari inakuja mwisho, ikipata nafasi. Na ulie, mama. Chozi lisiporuhusiwa kutoka, mara nyingi huishia kwenye sahani.

"Nilifanyiwa baipasi India, nina miezi minne. Sikukuu ya mtoto nilikula keki na fanta. Baada ya dakika ishirini moyo ulikimbia, jasho, tumbo likakoroga, nikaharisha, nikajua nakufa. Nilipewa sumu?" (Papa wa Ruashi)

Hapana, papa. Hiyo inaitwa dampingi, na waliofanyiwa baipasi wengi wanaijua. Katika baipasi tumbo hukatwa kikabaki kifuko kidogo, nacho huunganishwa na utumbo. Kifuko ulichobakiwa nacho ni cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya kulia, na sukari haikai humo: inamwagika moja kwa moja kwenye utumbo. Utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua, presha inashuka, moyo unakimbia. Kwa kawaida huanza kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula. Jilaze, ngoja ipite, kisha rudisha maji kwa funda ndogo.

Kuna ya pili, na hiyo ndiyo ya kuchunga. Saa moja hadi tatu baada ya sukari nyingi, mwili unakuwa umetoa insulini kupita kiasi, na sukari ya damu inaanguka: mikono inatetemeka, akili inachanganyikiwa, wengine wanazimia. Ukijisikia hivyo usishike usukani wala pikipiki. Chukua sukari kidogo, vijiko viwili vya chai vinatosha, kisha yai au maziwa ili isianguke tena. Ikijirudia, mwambie daktari.

"Nimeona kwenye simu kwamba ukinywa vitu vya maji tu siku tano, tumbo linasinyaa upya. Ni kweli?"

Si kweli. Utapungua kwa sababu hukula, na siku ya sita uzito utarudi. Tumbo litabaki kama lilivyokuwa.

"Mama mkwe anasema anayekataa bukari yake anamdharau. Majirani nao wanasema nimekonda kwa ugonjwa. Naishia kula ili wanyamaze, halafu natapika." (Dada wa Kampemba)

Barua yako, dada, niliisoma mara tatu, maana naijua hiyo meza. Kwetu aliyenona ametunzwa, na aliyekonda anaulizwa amefiwa na nani. Huwezi kumfundisha mtaa mzima habari za upasuaji. Chagua mtu mmoja nyumbani ajue ukweli wote, mume au wifi, akusaidie kubadilisha mazungumzo.

Kwa mama mkwe, usingoje sahani ifike mbele ya watu. Nenda kwake kabla, peke yako, na badala ya kukataa, omba. "Mama, daktari amenikataza kushiba, lakini samaki wako siwezi kumwacha. Nakuomba uniwekee kipande kimoja na mchuzi kidogo." Mzee anataka kukulisha. Ukimpa njia ya kukulisha, mara nyingi bukari haimuumi tena. Wangu siku hizi ananifichia kichwa cha samaki kabla watoto hawajafika.

Na mezani, tonge lako liwe dogo kama karanga mbili. Nani anahesabu matonge ya mwenzake? Chovya, tafuna, weka mkono chini, ongea. Mwili utakupa ishara kabla ya kutapika: pua kuanza kutoa maji, kwikwi moja, kubanwa chini ya kifua. Ukiona hata moja, acha, ingawa mkononi kuna tonge.

"Mke wangu ana wiki ya sita tangu slivu. Alionja nyama ya mbuzi ya kuchoma, ikakwama. Tangu hapo siku kumi anatapika kila kitu. Jana alisema anaona watu wawili wawili, na anayumba akitembea."

Huyu ndugu nilimpigia simu saa ile ile niliyosoma, na jibu naliandika kwa ajili ya wengine. Hilo halihusu tena kukosea chakula. Mtu aliyepunguzwa tumbo akitapika siku nyingi, akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, inaisha haraka, na ubongo unaumia. Kuona vitu viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa: hospitali siku hiyo hiyo. Waambieni wauguzi neno kwa neno: "Amepunguzwa tumbo, anatapika, tunaomba thiamini kabla ya dripu ya glukosi." Glukosi ikitangulia inaweza kuzidisha hali. Na msingoje macho. Kutapika kila kitu kwa siku nzima, au maumivu makali ya tumbo, au homa na moyo kwenda mbio, kunatosha kumpeleka.

"Bia moja ya Simba Jumapili?"

Mwaka wa kwanza, usinywe. Baada ya hapo ongea na daktari wako, na ujue kwamba chupa moja sasa inafanya kazi ya zaidi ya moja: pombe inafika kwenye damu haraka, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi. Nimeona watu waliokuwa wakikimbilia chakula wakahamia kwenye chupa, na hilo linaniumiza kuliko kilo zozote. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, usiiguse. Na kichwa kikiuma asubuhi, wa baipasi usimeze ibuprofeni wala diklofenaki. Zinaleta vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo.

"Nina miaka mitatu tangu upasuaji. Nimerudisha kilo saba na naona aibu kumrudia daktari." (Yaya wa Bel-Air)

Rudi, yaya, mkubwa wangu. Uzito wa chini kabisa huwa unafikiwa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, na baada ya hapo wengi hurudisha kidogo. Daktari wako analijua hilo, hatashangaa.

Kabla ya kwenda, andika siku nne kwenye daftari: kila kinachopita mdomoni, na saa. Usiandike milo tu. Andika karanga ulizoshika ukipita kwa jirani, kinywaji cha munkoyo cha saa kumi, mandazi nusu uliyommalizia mtoto. Karibu kila daftari nililofunguliwa lina milo mizuri na katikati yake vitu vidogo vya mkononi, vile vinavyoteleza tumboni bila kushibisha. Kutoka hapo kuna cha kufanya. Beba na chupa za vitamini, hata ile ambayo haijafunguliwa tangu mwaka jana, ili daktari ajue aanze kupima nini kwenye damu: madini ya chuma, B12, vitamini D. Kama foleni inakutisha, niandikie siku yako. Nitakuja kukaa nawe.