Kabla ya kupima jeni za ngozi, jua unywele uko katika awamu gani

Ninyi mnaoanza kuchunguza jeni za ngozi, nawasihi msipime chochote kabla ya kujua vinyweleo, yaani vifuko vya ngozi vinavyootesha unywele, viko katika awamu gani. Kichwani mwa binadamu, unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6 katika anajeni, kinyweleo husinyaa kwa wiki 2 au 3 katika katajeni, kisha hupumzika miezi kama 3 katika telojeni.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Panya niliowapaka dawa walikuwa na umri wa siku 28, na wale wa kulinganishwa nao siku 20. Nilipoona jeni za keratini, protini inayounda unywele, zimepanda mno, yaani zinatumika zaidi, niliamini kwamba dawa ndiyo iliyoziamsha, kumbe panya wa siku 28 walikuwa wameshaingia anajeni wenyewe, na ngozi yao ilikuwa imejaa seli zinazotengeneza unywele. Jeni inaweza kuonekana imepanda kwa sababu tu seli zinazoitumia zimeongezeka.

Kwa panya mweusi, mnyoe mgongoni na mtazame ngozi kwenye mwanga mzuri. Ikiwa ya waridi, ni telojeni. Ikiwa ya kijivu inayoelekea weusi, ni anajeni, kwa kuwa rangi ya mgongo wake hutengenezwa ndani ya vinyweleo vinavyokua. Hata hivyo, thibitisheni kwa hadubini: kinyweleo cha anajeni huzama hadi kwenye tabaka la mafuta, ilhali cha telojeni huishia juu yake.

Mkishapanga sampuli hivyo, ndipo jeni zinapoanza kueleweka. Protini za BMP, zinazopeleka ishara kati ya seli, huzilaza seli shina za kinyweleo, yaani zile zinazozaa seli mpya, na ishara za kundi jingine la protini, Wnt, huziamsha. Hakuna upande unaofaa kusomwa peke yake, maana kinachoamua ni uzito wa mmoja dhidi ya mwingine. Jeni ya FGF5 huagiza ukuaji wa unywele ukome, ndiyo maana panya aliyeikosa huwa na manyoya marefu kupita kawaida. Lililonishangaza zaidi ni Bmal1, jeni ya saa ya mwili: panya asiye nayo huchelewa kuingia anajeni. Kwa kuwa jeni za saa hupanda na kushuka ndani ya saa 24, kwenye kila kichupa andikeni umri wa panya, rangi ya ngozi yake na saa mliyokata kipande cha ngozi.