Jibu: Darasa la bati linalochemka mchana, Tabora

Salaam, ndugu. Umeuliza ufanyeje na darasa la chekechea hapo Tabora: matofali ya kuchoma, bati tupu juu, Oktoba watoto wanaloa jasho, na fundi anataka kupiga silingibodi basi.

Kwanza ingia humo saa nane mchana, uangalie juu ya kuta: hewa ya moto ina pa kutokea? Silingibodi iliyozibwa pande zote haitaitoa.

Enzi za chuo tulijibana kwenye kompyuta moja kutazama mihadhara ya Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso, aliyepata tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker 2022. Alieleza shule ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika 2001: kuta za udongo uliotiwa saruji kidogo, dari ya matofali yenye nafasi, na bati lililoinuliwa juu yake kwa kenchi (fremu za kubeba paa) za nondo. Upepo hupita kati ya dari na bati. Hewa ya moto hupanda, ya baridi huingia madirishani. Aliwasifu pia kina mama walioshindilia sakafu ya udongo. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii.

Kwenye nyumba za kawaida mimi hutoboa kuta za pembetatu chini ya paa, pande zote mbili, naweka matofali ya matundu na wavu, na dari naiachia nafasi. Anza na hilo, ni rahisi. Kuinua bati lote usikimbilie: upepo wa mvua za kwanza utaling'oa kama kenchi hazijafungwa hadi kwenye linta, ile boriti ya zege juu ya madirisha. Hilo mwite mhandisi alione, mimi kwa picha siwezi kulipima.