Ukipewa Kuandaa Mapitio ya Mwaka

Desemba ikishakolea, katika kila chumba cha habari cha televisheni kuna mtu anayeitwa pembeni na kuambiwa: "Mapitio ya mwaka huu utayaandaa wewe." Aghalabu si mwandishi nyota, kwani nyota wameshaomba likizo. Ni yule anayejulikana hachoki kukaa mbele ya mashine ya kuhariri. Mimi nimekuwa mtu huyo mara nyingi kiasi cha kuwa na maoni makali kuhusu kazi hii, na nayaandika kwa ajili ya atakayeitwa safari hii.

Utaambiwa uanze na maktaba ya picha. Usianze huko. Ukianza huko, picha ndizo zitakazokuchagulia mwaka, nawe utabaki kuzipanga tu. Chukua karatasi tupu, andika mambo yaliyobadilisha maisha ya watu mwaka huu, kisha waulize wenzako wa uchumi, afya na mahakama wakuongezee. Maktaba ni hatua ya pili.

Sababu yangu ni hii. Mwaka 2019, jioni ya tarehe 15 Aprili, kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris liliungua huku kamera zikiwa zimelizunguka, na mnara wake ukaanguka dunia nzima ikitazama. Hakuna aliyekufa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, kimbunga Idai kilipiga pwani ya Msumbiji karibu na Beira. Umeme ukakatika, simu zikanyamaza, barabara ya kuingia mjini ikakatwa na maji. Nchini Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walikufa zaidi ya watu 1,000. Sasa fungua maktaba ya kituo chochote uangalie tukio lipi lina picha nyingi na nzuri zaidi. Anayefuata picha atatenga dakika tatu kwa kanisa na sekunde ishirini kwa kimbunga, na hatajua kwamba amefanya uamuzi wowote. Sisemi moto ule haukuwa habari. Nasema uamuzi ufanywe na mtu.

Kuna mambo makubwa ambayo hayana picha kabisa. Vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, vilivyoanza Novemba 2020 vilipiganwa mawasiliano yakiwa yamekatwa kwa vipindi virefu na waandishi wakizuiwa kuingia, hadi makubaliano yaliposainiwa Pretoria tarehe 2 Novemba 2022. Hapo utahitaji ramani iliyochorwa vizuri, tarehe kwenye skrini na msomaji aliyetulia. Mtazamaji atakuelewa. Habari njema nazo zina shida hiyohiyo: tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Utaonyesha nini? Mtoto anayedondoshewa matone mdomoni, picha ileile ya miaka yote. Iweke hivyohivyo, na uipe muda wake.

Sasa nije kwenye jambo ninalobishania na wahariri kila Desemba. Mapitio mengi ni taarifa za habari za zamani zilizokatwa zikawa fupi. Januari ilitokea hivi, Februari vile, Machi ajali ile, mwishowe mtangazaji anatutakia heri. Lakini mtazamaji aliiona ajali hiyo Machi. Asichokijua ni kilichofuata. Kwa maoni yangu, kila habari katika mapitio lazima imalizike kwa kusema jambo limefikia wapi leo, siku kipindi kinaporushwa.

Chukua sentensi tuliyoizoea: "Serikali imeunda tume kuchunguza chanzo." Katika taarifa ya saa mbili usiku sentensi hiyo ndiyo mwisho wa habari. Katika mapitio ndiyo mwanzo wa kazi yako. Tume ilikaa? Ripoti imetoka? Kama imetoka, nani ameisoma? Kesi imeahirishwa mara ngapi? Waliohamishwa na mafuriko wamerudi kwao au wangali kwenye mahema? Majibu hayamo maktabani. Yako kwenye simu, na itakubidi uwapigie makarani wa mahakama, wasemaji wa wizara na viongozi wa mitaa iliyoathirika, wengi wao wakiwa na haraka ya kufunga ofisi. Tenga siku za kutosha kwa simu hizo, zaidi ya siku za kuhariri. Ukipata jibu la sentensi moja tu, kwamba ripoti haijatolewa mpaka leo, sentensi hiyo ina uzito kuliko dakika nzima ya picha za mabaki ya basi.

Idadi za waliokufa nazo usizinakili kutoka kwenye skripti ya siku ya tukio. Mabwawa mawili yalipopasuka juu ya mji wa Derna, Libya, usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, idadi zilizotangazwa zilitofautiana kwa maelfu kulingana na aliyekuwa akizungumza, na tofauti hizo hazikwisha upesi. Tafuta takwimu ya karibuni zaidi, sema imetolewa na nani na lini. Kama zinapingana, sema zinapingana.

Mpangilio wa "kitaifa" kisha "kimataifa", katikati matangazo ya biashara, nao unahitaji kutazamwa upya. Tumeuzoea kwa sababu ndivyo taarifa ya habari inavyopangwa, lakini mambo yenyewe hayakutokea kwa mpangilio huo. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, nchi mbili zinazouza ngano na mafuta ya alizeti kwa wingi duniani ziliingia vitani, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea pia. Mwezi uliofuata kipimo cha bei za vyakula cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kianzishwe. Julai yalisainiwa mjini Istanbul makubaliano ya kuruhusu nafaka kupita Bahari Nyeusi, na Julai ya mwaka uliofuata Urusi ikajitoa. Kituo kilichoweka bei ya mkate sehemu ya kwanza na vita sehemu ya pili kilimwonyesha mtazamaji maumivu na kumficha chanzo. Viweke pamoja. Anza na mkate, nenda vitani, rudi kwenye mkate. Mhariri akilalamika kwamba umechanganya sehemu, mwonyeshe tarehe.

Kuhusu picha za nje, mashirika ya habari ya kimataifa kama Reuters, AP na AFP huandaa mafungu ya matukio ya mwaka, na kishawishi cha kulirusha fungu lilivyo ni kikubwa, hasa ukiwa peke yako saa tano usiku. Tumia picha, usitumie uteuzi. Aliyeteua hakuwa akiwawazia watazamaji wako. Soma pia karatasi ya masharti inayokuja na kila picha, kwa sababu nyingine haziruhusiwi kutumika tena baada ya siku chache, na nyingine haziruhusiwi katika nchi fulani. Michezo ndiyo yenye masharti makali kuliko yote. Kuonyesha bao la Kombe la Dunia katika habari ya siku ile hakukupi haki ya kulionyesha Desemba. Nunua haki, au tumia picha za mnato na sauti ya mtangazaji wako.

Muziki wa huzuni chini ya picha za majeruhi mimi nauondoa. Sitabishana na anayeupenda, ila asiniombe nimwekee.

Halafu kuna siku zilizobaki. Kipindi hurekodiwa mwaka ukingali na siku zake, na siku hizo hazina adabu. Rais Ceaușescu aliangushwa nchini Romania tarehe 22 Desemba 1989 na kuuawa siku ya Krismasi. Tsunami ya Bahari ya Hindi iliyoua zaidi ya watu 220,000 ilipiga tarehe 26 Desemba 2004. Mwaka 2022 Pelé alifariki tarehe 29 Desemba, na Papa mstaafu Benedict wa 16 tarehe 31. Kwa hiyo usikifunge kipindi kikawa kipande kimoja. Gawanya katika vipande, kile cha waliotutoka kikae peke yake, na mwisho wake uwe rahisi kufungua na kuongeza jina. Mhariri wa zamu ya sikukuu ajue faili liko wapi, na awe na ruhusa ya kuligusa bila kumtafuta mkubwa aliye safarini. Maneno ya mtangazaji ya kufungua na kufunga yarekodiwe mwisho kabisa.

Na maneno hayo yasitabiri. Tarehe 31 Desemba 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani nchini China ilipata taarifa za wagonjwa wa nimonia isiyojulikana chanzo chake katika mji wa Wuhan. Kufikia saa hizo mapitio ya 2019 yalikuwa yameshapangwa, na mtangazaji aliyewaahidi watu mwaka 2020 ulio tulivu hakuwa na namna ya kujua.

Ukimaliza, kabla hujalala, fungua faili jipya la mwaka unaoanza. Kila Ijumaa liongezee mistari miwili au mitatu: nini kimetokea, nani ameahidi nini, na lini alisema atatimiza. Weka pembeni namba ya simu ya anayeweza kujibu. Faili likae mahali ambapo chumba kizima kinaweza kulifungua, kwa sababu Desemba ijayo huenda akaitwa mwenzako, nawe ukawa umeshaomba likizo.