Au-pair mpya Ujerumani: fungua hiyo barua leo

Wadogo zangu, kila kundi jipya la au-pair (kijana anayeishi na familia na kuisaidia kulea watoto) likifika kilio ni kilekile: posho haikai. Unalala kwa familia, unakula kwao, bima wanakulipia. Euro 280 kwa mwezi zinatosha kabisa. Tatizo ni matobo, na kubwa kuliko yote linaingia kwa posta.

1. Anmeldung, yaani kuandikisha anwani yako kwenye ofisi ya mji, ifanywe ndani ya wiki mbili tangu uhamie, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Hilo mnalijua. Mnachosahau ni kinachofuata. Wiki chache baadaye inakuja barua kuhusu Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni za umma, kutoka Beitragsservice, ofisi inayoikusanya, na hapo ndipo wengi huungua. Mtu anasoma mistari miwili, anajiambia "mimi sina televisheni", anaitia kwenye droo. Ada hiyo haiangalii televisheni! Inatozwa kwa nyumba, euro 18.36 kwa mwezi, na familia yako tayari inalipa. Ila Beitragsservice wameona mtu mzima mpya kwenye anwani ile, na hawajui kama uko chini ya namba ya familia mpaka uwaambie. Usipojibu wanakuandikisha wenyewe. Baadaye unaletewa bili ya miezi mitatu, euro 55.08. Ukiikalia, kila hati ya deni inaongezwa faini isiyopungua euro 8, na mwisho wake ni dalali wa mahakama kubisha hodi kwa familia isiyojua lolote. Aibu ya kumweleza mama mwenyeji wakati huo ni nzito kuliko deni lenyewe.

Kinga yake ni dakika kumi. Siku hiyohiyo ipeleke barua jikoni, omba Beitragsnummer ya familia (namba yao ya ada, tarakimu 9, ipo kwenye bili yao au taarifa ya benki), jaza jibu mtandaoni kwamba nyumba inalipiwa tayari, kisha hifadhi uthibitisho. Kama umeshaandikishwa, andika vilevile, taja namba hiyo na tarehe uliyohamia, omba akaunti yako ifungwe tangu siku hiyo. Jamani, usione haya kuuliza. Kijerumani cha ofisini kinawatoa jasho hata wenyewe.

2. Simu: usisaini mkataba wa miezi 24 wakati ukaaji wako hauzidi 12. Nunua laini ya kulipia kabla.

3. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima, ni euro 63 tangu Januari 2026. Uliza kwanza kama familia inalipia, maana nyingi hulipia. Ni ya kujirudia kila mwezi: usipoisitisha kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa, hata kama utakuwa likizo.

4. Saa za kazi ni 30 kwa wiki, zisizidi 6 kwa siku, na usiku wa kubaki na watoto unahesabiwa. Ziandike kila jioni. Zile euro 70 za kozi ya lugha ambazo familia inakupa kila mwezi ni nyongeza juu ya posho. Zikikatwa ndani ya 280, lizungumze wiki hiyohiyo, mkataba ukiwa mkononi. Ukinyamaza miezi minne ndipo useme, familia itakuwa imeshazoea, na wewe utakuwa umejaa hasira.

5. Chupa zenye Pfand (amana unayorudishiwa) zirudishe, senti 25 kila moja kwa zile za kutumika mara moja. Peleka Jumamosi, Jumapili maduka yamefungwa. Na barua ya Steuer-ID, namba yako ya kodi, ile ya tarakimu 11, isitupwe pamoja na vipeperushi: benki wataiulizia.