Siki ya maji ya nazi: ya kujua kabla hujaanza

Siki hutengenezwa na vijidudu vya aina mbili, kwa zamu. Kwanza hamira hula sukari na kutoa kileo, na kazi hiyo haitaki hewa. Kisha bakteria wa siki hukigeuza kileo kuwa asidi, na hao bila hewa hawafanyi kitu. Wanaoanza wengi huharibu hapo: hubana kifuniko mwanzo hadi mwisho, halafu wakalaumu nazi.

Maji yawe ya nazi iliyokomaa, si dafu wala koroma. Wanaopasua nazi za mbata huyamwaga tu, kwa hiyo ukiwaomba utapata. Yachukue siku ile ile ya kupasuliwa, maana kwa joto la visiwani yakilala tu yanachacha. Kila nazi inuse kwanza kabla ya kuyamimina. Moja mbovu inatosha kuharibu ndoo nzima.

Kwa lita 4 za maji tia sukari gramu 400. Usipunguze. Maji ya nazi yenyewe yana sukari haba, asilimia mbili tatu hivi, na gramu 100 za sukari hutoa takriban gramu 50 tu za kileo. Ukiyaacha bila kuongeza utapata siki chapwa inayoota ukungu. Chuja, chemsha dakika 10 kwenye sufuria ya stenlesi (ya alumini huliwa na asidi, kwa hiyo hata baadaye usiitumie), kisha acha yapoe mpaka ukitia kidole usihisi moto. Hamira ikitiwa kwenye maji ya moto hufa. Kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu kinatosha.

Mimina kwenye ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula, uache nafasi ya povu, na kifuniko kikae bila kukazwa ili gesi itoke. Baada ya siku 5 hadi 7 mapovu hukoma na utamu huisha. Kama utamu bado upo, ngoja. Hapo kilichomo ni kileo, basi kiweke mbali na watoto. Na kwa kuwa wengi wetu huku visiwani ni Mashafi, yaani Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kuna hitilafu baina ya madhehebu kuhusu kileo kinachotiwa kitu ili kigeuke siki, mwulize shekhe kabla hujanunua hamira.

Mimina taratibu kwenye chombo cha mdomo mpana, mashapo yabaki chini. Kwa kila lita 4 ongeza lita 1 ya siki mbichi, isiyochemshwa wala kuchujwa sana. Ndiyo inayoleta bakteria na kuzuia ukungu. Siki nyeupe ya dukani haina bakteria hai. Chombo kisijae kupita theluthi mbili. Funika kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili na ukifunge kwa mpira, la sivyo vijinzi vya matunda vitataga humo. Kiweke kivulini, usikitikise, wiki 4 hadi 8.

Juu patatokea utando. Ukiwa laini na unateleza kama ngozi ya dafu changa, ni wa siki yenyewe, uache. Mweupe mkavu wenye mikunjo ni hamira ya mwituni. Uopoe, siki haijaharibika. Wenye manyoya, wa kijani au mweusi, ni ukungu: mwaga vyote na uoshe chombo kwa maji yanayochemka.

Ukali ukitosha, chuja, pasha moto mpaka nyuzi 65 kwa dakika 10, usiache ichemke, kisha jaza chupa za kioo zilizochemshwa hadi shingoni. Hewa ikibaki na bakteria wakiwa hai, kileo kikiisha huila asidi yenyewe na siki hupoa ukali. Nayo sukari iliyobaki hutoa gesi, na chupa iliyobanwa hupasuka. Kifuniko kiwe cha plastiki. Cha bati hushika kutu.

Kwa kachumbari, mishkaki na pilipili ya kusaga itafaa sana. Kwa achari ya kuweka miezi tumia ya dukani iliyoandikwa asilimia 5, kwa sababu ulimi haupimi asidi, na vikaratasi vya pH, vile vya kupimia ukali kwa rangi, navyo havikuambii asidi ni asilimia ngapi.