Nimerudia mbegu ya haibridi, mbona shamba halieleweki?

SWALI: Habari za kazi. Mwaka jana nilinunua mbegu ya haibridi duka la pembejeo, nikavuna vizuri mno, basi nikachagua mahindi makubwa makubwa nikaweka ya mbegu. Mwaka huu shamba halieleweki, mengine marefu mengine yananifika kiunoni, mengine yametoa mbelewele mengine bado. Mume wangu anasema wenye kampuni wanatia dawa ili turudi dukani kila msimu. Ni kweli? – Mama wa watatu, Kilosa

JIBU: Hapana dada, hakuna dawa, ni uzazi tu. Haibridi inatokana na koo mbili za mahindi, wanapanda mistari ya baba na mistari ya mama, halafu ile ya mama wanaing'oa mbelewele, yale maua ya kileleni, mapema kabla hazijamwaga unga wa uzazi (chavua), ili kila unywele wa ndevu upate unga wa baba, na unywele mmoja ndio punje moja. Koo zikiwa za mbali nguvu inazidi. Wakenya mwaka 1964 walitoa H611 kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, ng'ambo kabisa huko.

Sasa mahindi yako ya mwaka jana yamezaana yenyewe kwa yenyewe, sifa za wazazi zimegawanyika upya, kila mche umebeba za kwake na ile nguvu imepungua. Kuchagua mahindi makubwa hakusaidii hapo, na inauma kwa sababu umepalilia na kuweka mbolea vilevile.

Kama hela ya mbegu kila msimu inasumbua, mimi ningekwambia panda Staha au TMV-1, zimetafitiwa hapo hapo Ilonga kwenu na zinavumilia ugonjwa wa milia. Sio haibridi hizi, mavuno yake yako chini kidogo ukilinganisha na haibridi iliyotunzwa, ila unarudia hata misimu mitatu ndo ununue mpya. Mbegu usichagulie ghalani, chagua mche ukiwa bado umesimama, wenye afya, ufunge kamba, na uwe katikati ya shamba maana pembeni unga wa jirani unaingia sana.

Na ukienda kununua, iwe haibridi iwe hizo, angalia kwenye mfuko lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, usikubali mbegu ya kupimiwa kwenye kisado.